Chungu Kilichotoka Kikombe: Mama Sesilia na Tanuri la Kambarage

Ijumaa ya tarehe 28 Agosti, 2026, Bi Asteria Nkwabi, yaani Mama Sesilia wetu, anastaafu katika karakana yetu ya vyungu vya kuyeyushia dhahabu hapa Kambarage, baada ya miaka ishirini na miwili ya kucheza na moto. Nyusi zote mbili bado anazo. Mimi niliyekaa naye miaka tisa nimebaki na moja na nusu.

Alianza akifinyanga vyungu vya udongo kama alivyofundishwa na mama yake, kwa vipimo vya vidole. Rula tulimpa, akaitumia kukunia mgongo. Wachenjuaji wa dhahabu wa Segese walikuwa wakisema chungu chake kikidondoka, uionee huruma sakafu.

Halafu Anjali, binti wa bosi wetu Mzee Mansukhlal, akarudi na elimu yake ya kemia na ndoo ya polima ya silikoni. Ni uji mzito kama asali: unaumimina kwenye kalibu, yaani umbo la kutolea chungu, ukishaganda unauchoma kwenye tanuri lililoondolewa hewa ya kawaida, na inatoka kauri nyeusi, ngumu ajabu. Mimi nimetembea, nimefika mpaka Guangzhou, China, na hata huko sikukiona kitu hicho. Nilikwenda kununua viatu, lakini macho nilikuwa nayo.

Mzee alinunua tanuri jipya la kazi hiyo, akatupa nafasi tatu. Tukishindwa, tanuri hilo linauzwa, na Mama pamoja na sisi wenzake tisa tukatafute pengine pa kuungulia.

Kalibu alitengeneza Mama Sesilia. Udongo ukichomwa hunywea kidogo, kwa hiyo akaongeza kidole kimoja, kama mama yake. Polima haikumjua mama yake, ikanywea zaidi. Vyungu ishirini vya lita moja vilitoka vikombe vya chai! Altaf, mnunuzi wa dhahabu wa Runzewe aliyeviagiza, aliinua kimoja akauliza, “Mama Sesilia, na sukari iko wapi?” Tulicheka mpaka tukakumbuka kwamba kazi ndiyo inaondoka.

Mara ya pili akaongeza vidole vitatu. Ukubwa ulikuja sawasawa, ila vyote vilipasuka, vikawa vigae vitupu.

Mzee akaanza kumtafuta mteja wa tanuri. Mama Sesilia akaleta jiwe lake la kusagia kutoka nyumbani, akasaga vigae na vikombe vikawa unga, maana kwao mfinyanzi hakandi udongo mpya bila unga wa chungu cha zamani. Anjali alibisha dakika mbili, kisha akachukua daftari akaandika. Unga ukaingia kwenye polima, na kwa kuwa kilichokwisha kuungua hakinywei tena, kalibu zikaongezwa vidole viwili tu, moto ukapandishwa polepole, siku mbili nzima.

Tanuri likafunguliwa. Vyungu ishirini, vizima, lita moja kila kimoja! Mzee Mansukhlal alivigonga kwa ukucha kimoja kimoja, akisikiliza mlio, halafu akaagiza chai ya watu wote.

Altaf alipokuja kuchukua mzigo wake, Mama alimpa chai ndani ya kikombe pekee alichokuwa amekificha kisisagwe. “Sukari iko humu, baba.”

Kikombe hicho leo kinaondoka naye. Jiwe la kusagia amemwachia Agnetha, fundi wetu wa kalibu, kwa sharti kwamba rula isisogezwe karibu nalo.

Sisi tisa bado tuko kazini, Mayu, mama yetu, na sababu ni wewe. Kwa Kisukuma chako, wabeja sana, asante sana. Kapumzike mbali na moto, chai yako isikose sukari, na kikombe chako kisipate ufa.