Chome Rai na Fimbo Iliyovunjika Diani

Mchungaji, wazee wa ukoo, mama zetu mlioketi mikekani, majirani mliotoka Msambweni na Diani, nanyi wenzake marehemu wa kazini, shikamooni nyote mlionizidi umri, na wengine hamjambo. Mimi ni Kitsao Rai, mdogo wake marehemu, tulinyonya ziwa moja, na ndimi niliyepewa kazi ya kuisoma historia yake leo Jumamosi, tarehe 8 Februari 1969, kabla hatujampeleka ndugu yetu kaburini.

Marehemu Chome Rai Tembo alizaliwa mwezi wa Aprili 1929, hapa hapa kijijini kwetu, upande wa Kinango, akiwa mtoto wa Mzee Rai Tembo, mfugaji, na mama yetu Kahaso Kombe. Mwaka 1938 aliingia shule ya misheni, akasoma mpaka darasa la nne, akasifiwa kwa hesabu na kwa mwandiko wake, lakini ukame wa 1943 uliwamaliza ng'ombe wa baba, masomo yakakoma, na mwaka 1945 akateremka Ramisi kukata miwa. Mwaka 1948 alipokelewa Msambweni na fundi seremala Mzee Abdurahman Chirau, ambaye tunaye hapa, akafundishwa kuranda, kukereza na kuutambua mti kwa uzito wake mkononi, na kwa miaka mitatu alikula sahani moja na watoto wa nyumba ile.

Tarehe 4 Juni 1951 aliajiriwa na klabu moja ya Wazungu pale Diani, kazi yake ikiwa ni kuitunza meza ya biliadi, na kwa wale wasioujua mchezo huu, ni meza kubwa yenye kitambaa cha kijani na mifuko sita, na wachezaji huisukuma mipira iingie mifukoni kwa kutumia fimbo ndefu iliyochongwa ikanyooka kabisa. Alikisugua kitambaa kwa brashi kila asubuhi, aliziandika pointi ubaoni, na fimbo iliyopinda au iliyobanduka kipande cha ngozi kwenye ncha aliitengeneza mwenyewe, akiiviringisha mezani na kuitazama inavyotembea. Mchezo aliujifunza kwa kuangalia, kisha wanachama waliokosa mwenzao wakaanza kumwita acheze nao, na kwa miaka mingi alijua kwamba kazi yake ni kucheza vizuri, lakini kushindwa mwishoni.

Tarehe 18 Desemba 1954 alifunga ndoa kanisani na Kadzo binti Kaingu, wakajaaliwa Kahaso mwaka 1955 na Rai mwaka 1957. Mwaka 1958 aliniombea nami kazi katika jiko la klabu hiyo, nikapewa kofia na aproni, na tukawa tunatoka na kuingia pamoja.

Jumamosi, tarehe 17 Machi 1962, saa tisa alasiri, katibu wa klabu, Bwana Pettifer, alimwita marehemu acheze naye mbele ya wageni kutoka Nairobi. Bwana huyo alikuwa na fimbo yake aliyoletewa kutoka Uingereza, ina bamba la shaba lenye jina lake, inakaa ndani ya kasha, na ufunguo wa kasha huwekwa na marehemu. Siku ile marehemu hakukubali kushindwa. Sijui kilichomwingia, aliniambia baadaye kwamba aliona mipira imekaa vizuri, akaona haya kuikosa makusudi, basi akaipiga mmoja baada ya mwingine mpaka meza ikabaki tupu, wageni wakapiga makofi, na katibu akatoka nje bila kumpa mkono.

Jumatano iliyofuata, tarehe 21 Machi, fimbo ile ilikutwa kashani imevunjika vipande viwili. Marehemu alishukiwa mara moja, maana alikuwa na ufunguo, na walisema ushindi umemtia kiburi. Katibu aliniita ofisini akaniuliza kama nimemwona kaka yangu akiligusa lile kasha.

Nikamjibu, "Ufunguo anao yeye, bwana."

Ndugu zangu, fimbo ile niliivunja mimi. Mchana wa siku ile Kadzo alikuwa na mimba changa na hali yake haikuwa nzuri, marehemu akakimbia nyumbani kumtazama, akaniachia ufunguo wa kasha pamoja na funguo nyingine, nami nikalifungua, nikaitoa fimbo ya Mzungu ili nijue inavyokaa mkononi. Niliinama mezani kama nilivyomwona kaka akiinama, mguu ukateleza kwenye sakafu iliyopakwa nta, nikaanguka juu yake. Vile vipande nikavirudisha, nikafunga, na kaka aliporudi nikamkabidhi funguo zake, akanishukuru.

Tarehe 9 Aprili 1962 alisimamishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kuivunja fimbo ile. Alipoulizwa ufunguo ulikuwa kwa nani siku ile, alisema ulikuwa kwake, kwa sababu kumwachia mtu mwingine kulikatazwa, na angelitaja jina langu ningefukuzwa kazi. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Alihukumiwa kifungo cha miezi sita na kazi ngumu, na mwezi wa Julai, akiwa machimboni wanakokata matofali ya mawe, jiwe lilimwangukia mkono wa kushoto, vidole viwili vikakatwa, cha shahada na cha kati. Wenzake wa kazini mnafahamu maana yake, mkono wa kushoto ndio unaowekwa mezani, na fimbo hupita juu ya vidole vile ili isiyumbe. Mwezi wa Agosti mkewe alijifungua mtoto wa kike, akaitwa Kache, akaishi siku kumi na tisa, na baba yake hakumwona.

Alitoka gerezani tarehe 8 Oktoba 1962, nami nilikwenda kumpokea langoni. Njia nzima alinieleza kwamba katibu, ambaye hakosi kuwa na ufunguo wa pili wa kasha lake, ndiye aliyeivunja fimbo yake mwenyewe kwa hasira ya kushindwa, na imani hiyo ilimpa nguvu, kwani mtu akidhulumiwa na adui hujua pa kuielekeza chuki yake. Nilimsikiliza.

Alirudi kwa Mzee Abdurahman, akachagua kigogo cha mti wa mkone kilichokauka miaka miwili, akakikereza kikawa fimbo yake mwenyewe, fupi kuliko za klabu na nzito upande wa nyuma, akajizoeza kuipitisha juu ya ngumi na kidole gumba. Ilimchukua mwaka mzima na zaidi, na bendera yetu ilipopandishwa Desemba 1963 alikuwa bado anakosa mipira ambayo zamani angeipiga huku amefumba macho. Mwezi wa Agosti 1964 yalifanyika mashindano Mombasa, yaliyofunguliwa kwa watu wa rangi zote, akaingia na ile fimbo yake, akafika fainali, akashindwa na karani mmoja wa bandarini kwa pointi nne, baada ya mkono kukakamaa katika mapigo ya mwisho. Nilimwambia kwamba angelikuwa na vidole vyake angelishinda.

Akaniambia, "Vidole havipo, Kitsao. Nicheze na vilivyopo."

Mwezi wa Januari 1965 hoteli moja ya Diani ilimwajiri kama mchezaji, acheze na wageni na kuwafundisha, na sisi hatujamsikia mtu mwingine wa kwetu aliyepewa mshahara kwa kazi hiyo kabla yake. Alikwenda kazini amevaa shati jeupe na tai, na wachezaji kutoka Mombasa walimletea fimbo zao azinyooshe, na wengine walimwomba awachongee mpya. Hiyo ilikuwa miaka yake miwili mizuri.

Mwezi wa Mei 1967 alianza kukohoa, akapimwa akaonekana ana kifua kikuu, na mwezi wa Septemba hoteli ikamwachisha kazi kwa kuwa wageni waliogopa kusimama naye kwenye meza moja. Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, na tarehe 11 Januari mwaka huu alilazwa Msambweni, akiwa amekonda mpaka pete ya ndoa ikafungwa kwa uzi.

Jumanne, tarehe 28 Januari, nilikuwa peke yangu naye, nikamweleza yote, ufunguo, sakafu, benchi la nyuma. Aligeukia ukutani, na kwa siku tisa alizobakiza hakunitazama wala hakuitikia salamu yangu, uji alioupokea kwa mikono ya wengine hakuupokea kwangu. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 1969, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, akiacha mjane, Kadzo, na watoto wawili, Kahaso na Rai.

Jana shemeji Kadzo aliniita uani. Alisema marehemu alimwachia agizo moja kuhusu mazishi, na amri ya mgonjwa haivunjwi. Alisema, "Historia aisome Kitsao. Asiruke mwaka hata mmoja." Nilimwuliza kama kaka alinisamehe. Alinijibu kwamba hilo hakumwachia.

Kwa niaba ya familia, tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Msambweni waliomhudumia mpaka pumzi ya mwisho, majirani waliotuletea kuni, maji na unga bila kutuuliza dini, wenzake wa hotelini, na Mzee Abdurahman, aliyelichonga jeneza hili kwa mkono wake na kukataa malipo.

Jumatatu asubuhi nitakwenda mahakamani nikaandikishe maelezo yangu, jina la Chome litolewe kwenye hatia ile na langu liandikwe. Rai, mwanawe, amesema atakwenda nami asikie nikiyasema. Anayetaka kuwa shahidi wa pili atukute njia panda saa kumi na mbili.

Chome wa Rai, kaka yangu, Mungu akupokee, pumzika kwa amani.