Matete Sita ya Nicanor Sucasaca

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wetu hapa Juliaca, mafundi wenzake marehemu, na ninyi wapiga filimbi mliokatiza mazoezi yenu ili kuja kumzika mwenzenu, historia hii inasomwa kwa agizo la mjane, Doña Eusebia Luque Coaquira, ambaye jana, tulipokaa kuiandika, alituambia, "Msimpake asali, niliyeishi naye ni mimi," nasi tumejitahidi kumtii.

Marehemu Nicanor Sucasaca Ccallo alizaliwa tarehe 10 Januari 1958 katika kijiji cha Chullunpata, upande wa Lampa, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa wafugaji wa kondoo Saturnino Sucasaca na Petrona Ccallo, ambao wote wametangulia, na alipewa jina la mtakatifu aliyekuwa kwenye kalenda siku hiyo, kwa kuwa baba yake hakuona sababu ya kutafuta jingine.

Alisoma shule ya msingi kijijini hapo kuanzia mwaka 1965 hadi 1970, akamaliza akiwa wa pili darasani, na mwalimu wake alifunga safari mara mbili kwenda kwa wazazi kuomba apelekwe sekondari mjini Lampa, lakini mwaka ule baridi ilikuwa imeua kondoo wengi, na mzee Saturnino akajibu kwamba mtoto angekwenda mwakani. Hakwenda. Familia inalitaja jambo hili kwa sababu marehemu mwenyewe alilitaja hadi uzeeni, kwa hasira, akimlaumu baba yake kwa neno hilo moja, wala hakuwahi kuonyesha kwamba anajua kuwa amelirithi.

Mwezi Machi 1975 alikuja Juliaca, akaanza kazi ya kubeba matofali, na kufikia mwaka 1979 alikuwa fundi nondo kamili, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na mitatu. Wengi mliosimama hapa mnalala chini ya zege lililoshikwa na nondo alizozikata, kuzikunja na kuzifunga waya kwa mikono yake, na wasimamizi wa ujenzi wanakiri kwamba nguzo za Nicanor hawakuzikagua, kwa kuwa hawakuwahi kuona sababu. Siku ya kumwaga zege la paa alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kula, na mwenye nyumba akijaribu kuwaita watu kwenye chakula kabla ya wakati alimzuia kwa usemi wake, "Zege halilali." Mambo mengine yote, aliyaacha yalale.

Mwaka 1978 alijiunga na kikundi cha filimbi cha mtaa, akapewa ira. Filimbi zetu huwa nusu mbili kwa watu wawili, mmoja ana ira ya matete sita na mwenzake ana arca ya matete saba, sauti aliyonayo huyu yule hana, na wimbo hupatikana wakijibizana, mtu mmoja peke yake hana kitu cha kupiga. Arca ya marehemu alikuwa Don Hilarión Calcina, mnayemwona hapa mstari wa mbele, na kwa miaka kumi na moja, kuanzia 1979 hadi 1989, wawili hao walikwenda Puno kila Februari kwenye sikukuu ya Bikira Maria, Mama wa Candelaria, wakapuliza kutwa nzima huku wakizunguka mji, na wanaokumbuka wanasema ukifumba macho ungedhani anayepiga ni mtu mmoja.

Ni huko Puno, tarehe 2 Februari 1982, alikomwona Eusebia, mwenye miaka ishirini, akicheza katika safu ya wanawake, akapoteza sauti mbili mfululizo, na Don Hilarión akamkemea katikati ya barabara, "Ukitaka kuoa, oa, lakini maliza wimbo kwanza." Aliumaliza, na akaoa. Ndoa ilifungwa tarehe 26 Novemba 1983 hapa Juliaca, wakajaliwa watoto wawili, Rildo, aliyezaliwa mwaka 1985 na ambaye Don Hilarión alimsimamia ubatizo, tangu hapo wawili hao wakaitana kompadre, na Yaneth, aliyezaliwa mwaka 1988. Miaka sita ya mwanzo ya ndoa hiyo walikwenda Puno pamoja kila Februari, yeye akipuliza, mkewe akicheza, mtoto akiwa amefungwa mgongoni. Doña Eusebia ametuomba tuiandike miaka hiyo kwa hesabu kamili, sita, kwa kuwa anasema ndiyo aliyokuwa na mume.

Kiwanja walikipata mwaka 1986, na Januari 1990 marehemu alianza kuchimba msingi. Don Hilarión alipokuja kumwita mazoezini alimkuta ndani ya mtaro, sururu mkononi, akamjibu bila kutoka, "Mwaka huu nisamehe, kompadre, nimeshaanza msingi. Mwakani." Siku hiyo aliifunga ira kwenye gazeti, akaitundika kwenye msumari, na nyumba ilipopata ukuta wa kwanza, msumari ulihamia huko.

Ghorofa ya chini iliezekwa zege mwezi Agosti 1994, Don Hilarión akawa baba wa paa, akavunja chupa kwenye nguzo kama desturi inavyotaka, na watu waliposhiba wakaomba marehemu achukue ira yake wapige wimbo mmoja tu, lakini yeye alikuwa juu ya ngazi akimwagia zege maji lisipasuke, akasema wimbo utapigwa nyumba ikiisha. Nondo za nguzo zilikuwa zimeachwa zikichungulia juu ya paa kwa ajili ya ghorofa ya Rildo, na juu ya kila nondo alivika chupa ya soda kuzuia kutu, chupa alizozibadilisha kila mwaka, tusiseme uongo, kwa uaminifu mkubwa kuliko alivyomnunulia mkewe viatu.

Ghorofa ya Rildo iliezekwa mwaka 2007. Rildo aliondoka mwaka 2009 kwenda Antofagasta, nchini Chile, kufanya kazi kwenye mgodi, na baba yake akaendelea kupiga lipu, kuweka vigae, na mwaka 2016 kutia madirisha ya vioo, kisha akampigia simu kumwambia nyumba yake iko tayari. Rildo alimjibu, "Baba, mimi nina nyumba huku, nina watoto huku. Hamieni ninyi huko juu, kuna jua." Marehemu alikata simu, akafunga mlango wa ghorofa kwa kufuli, na ufunguo akauweka mfukoni. Rildo hayupo leo, ametuma ujumbe kwamba hakupata ruhusa kazini, na mama yake ameomba asilaumiwe, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza kama anaitaka ghorofa.

Ghorofa ya Yaneth iliezekwa mwaka 2019. Yaneth na mumewe wamepanga chumba kimoja karibu na soko, mitaa minane kutoka nyumba hiyo, na mara tatu waliomba kuhamia, mara tatu wakaambiwa wasubiri lipu ikauke, kisha rangi, kisha reli ya ngazi. Juu ya ghorofa hiyo nondo zimechungulia tena, kwa ajili ya wajukuu.

Muda wote huo, miaka thelathini kasoro, marehemu na mkewe waliishi katika chumba cha nyuma cha ghorofa ya chini, chumba ambacho jua haliingii, na kila mtu wa Juliaca anajua baridi ya Juni katika chumba kama hicho. Mwaka 1996 Doña Eusebia alishonesha sketi ya kuchezea, rangi ya waridi, na shali yake, akijiandaa kwa Februari iliyofuata, na sketi hiyo bado iko kwenye mfuko wa nailoni ilimoletwa na fundi. Kila Januari aliuliza, "Tunakwenda?" na kila Januari alijibiwa. Puno ni mwendo wa saa moja. Watu wamemuuliza kwa nini hakwenda peke yake, naye anasema hilo ndilo linalomchoma kuliko yote, kwamba alikuwa na miguu, alikuwa na nauli, na alikaa akisubiri ruhusa ya mtu aliyekuwa anasubiri zege.

Kikohozi kilimwanza marehemu mwaka 2019, akakiita baridi. Mwezi Oktoba 2022 daktari alimpiga picha ya kifua, akamweleza kwamba mapafu yamejaa vumbi la saruji na la matofali, kwamba hayatarudi kama yalivyokuwa, na kwamba apumzike, naye akamjibu daktari kwa heshima, "Nitapumzika nyumba ikiisha." Alipanda ngazi kufunga nondo miezi miwili zaidi. Kufikia Septemba mwaka jana alikuwa hawezi kuvuka ua bila mtungi wa hewa.

Tarehe 7 Januari mwaka huu, Jumapili, baada ya chakula cha mchana, marehemu alimwita Don Hilarión, akamwambia, "Kompadre, mwaka huu tunakwenda." Alimtuma Yaneth atoe ira kwenye msumari, wakafungua gazeti, gazeti la Januari 1990, matete yakakutwa mazima, hakuna lililopasuka. Doña Eusebia aliacha kuosha vyombo akaja kusimama mlangoni. Don Hilarión alikuwa amekuja na arca yake ndani ya koti, na tulipomuuliza alijuaje, alisema hakujua, huwa anakuja nayo kila Januari. Walikaa kwenye benchi uani, marehemu akatoa mpira wa hewa puani, akaweka ira mdomoni, akapuliza. Ilitoka pumzi, sauti haikutoka. Don Hilarión alipiga sauti zake saba, na kama kanuni inavyotaka aliacha nafasi kwa zile sita, nafasi zikapita tupu, akaendelea hivyo hadi mwisho wa wimbo, na waliokuwepo wanasema ulikuwa wimbo wenye matobo.

Marehemu aliiweka ira magotini, akasema, "Imeharibika."

"Iko salama," Don Hilarión akamjibu. "Nilikuambia twende tukiwa bado na meno."

Walicheka wote wawili, marehemu hadi akahitaji kurudishiwa mpira wa hewa, na Doña Eusebia, ambaye hakucheka, alirudi kwenye vyombo vyake.

Siku nne baadaye, kwa sababu ya unyevu wa chumba cha nyuma, daktari aliagiza ahamishwe, na marehemu akatoa ufunguo mfukoni. Majirani walimbeba hadi ghorofa ya Rildo, wakamlaza kando ya dirisha, na asubuhi ya kwanza jua lilipoingia hadi kitandani aliushika mkono wa mkewe, akasema kwa mshangao wa kweli, "Eusebia, kumbe huku kuna joto hivi." Mkewe akamjibu, "Madirisha yapo tangu mwaka elfu mbili na kumi na sita, Nicanor." Mkono wake hakuutoa. Kwa hesabu yetu marehemu aliishi katika nyumba aliyoijenga kwa siku kumi na tisa, na katika siku hizo hakuzungumzia nondo hata mara moja, alikuwa akiuliza chakula ni nini, nani anapita barabarani, na kama filimbi zinazosikika ni za kikundi chetu au cha mtaa wa pili. Alifariki Jumanne tarehe 30 Januari 2024, saa nne asubuhi, jua likiwa bado dirishani, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliomtibu bila kumdanganya, inawashukuru majirani waliobeba mtungi wa hewa kwenye ngazi zisizo na reli, mafundi wenzake waliojenga kaburi hili jana kwa siku moja, wakalimaliza, na wapiga filimbi wote, ambao tunajua mna safari kesho.

Yapo matangazo matatu. La kwanza, nguo za marehemu zitafuliwa mtoni siku ya nane, Jumanne tarehe 6, kama ilivyo desturi, ila wafuaji wajue kwamba nyingi hazijawahi kuvaliwa, suti iko na karatasi yake ya dukani, zitafuliwa hivyohivyo. La pili, wazee walishauri ira iwekwe ndani ya jeneza, lakini mjane amekataa, akiuliza huko atajibizana na nani wakati arca iko hapa, kwa hiyo ira iko juu ya meza ile, mwanamume au mwanamke anayeweza kuipuliza aichukue leo na aende nayo kesho pamoja na Don Hilarión, na atakayesema mwakani tafadhali asiiguse.

La tatu ni la Doña Eusebia mwenyewe. Kesho ni tarehe 2 Februari. Yeye atakuwa kwenye basi la kwanza la Puno, na sketi yake ya waridi ataivaa, na dada zake wa tumbo moja walishamwambia jana kwamba ni aibu, kwamba mjane huvaa nyeusi mwaka mzima. Amewajibu, na ameomba jibu lisomwe hapa mbele ya wote ili asirudie kulisema, "Nyeusi nitavaa mwakani."

Nyumba haijaisha, Nicanor. Pumzika kwa amani hivyohivyo.