Niliwatenga Kama Madalali

Salaam aleikum, na habari zenu nyinyi wengine. Ndugu zangu wa ugonjwa wa sukari, mimi nilikuwa nasema hakuna kitu cha kunishangaza. Shule niliacha darasa la tatu, nikaanza na mbuzi mmoja kutoka Korbesa, leo lori tatu ni zangu. Siri yangu sokoni ni moja: madalali wawili wasikutane. Kila mmoja unaongea naye kando, asijue mwenzake amesema nini.

Basi sukari iliponipata nikafanya vilevile. Daktari alinipa tembe. Mwenye duka la dawa mjini sikumwambia hilo, naye akanipa zake. Kidonda kikatokea mguuni. Nesi aliyekifunga nikamwambia ni mwiba tu, mimi sina ugonjwa wowote. Nilijiona mjanja. Chekeni tu.

Siku moja nikaanguka nikipakia mbuzi. Kufungua macho, niko wodini, mguu umevimba na unanuka, na daktari anasema utakatwa chini ya goti. Nawaambia, nimewahi kukwama njia ya Merti na gari bovu, maji yameisha, lakini kufungwa namna ile sijawahi. Nasikia lori zangu zikipita nje bila mimi. Suruali yangu mke ameenda nayo nyumbani, makusudi. Ningetoroka na shuka?

Asubuhi nesi akamtuma mke wangu alete kila dawa iliyo nyumbani. Mfamasia wa hospitali akazimwaga kitandani. Pakiti mbili tofauti, dawa ni ileile. Nilikuwa nameza mara mbili, ndiyo ikaniangusha. Wakanizunguka wote: daktari, nesi, mfamasia na dada mmoja wa mambo ya chakula. Nikamwomba daktari awatoe wengine, tuongee wawili. Nesi akakataa.

"Mzee, hapa si soko. Sema mara moja, wote tusikie."

Nyuma ukuta, mbele watu. Nikasema yote, hata soda ninazokunywa safarini.

Nesi akamwambia daktari bado kuna nyama hai, akipewa wiki moja atasafisha kila siku. Na daktari, na ukubwa wake, akamsikiza. Hapo nilishangaa, sidanganyi. Mfamasia akapanga dawa upya, dada akanipangia chakula.

Wanne hao Mungu awabariki, na mke wangu pia. Nawaomba, usimfiche huyu ulichomwambia yule. Waache waongee juu yako, ukiwa hapo.

Mguu huu hapa, mnauona. Umenigharimu vidole viwili, na shilingi elfu sitini na moja, mia nne na hamsini.