Sentimita, Mpima Barabara Iliyopita Nyumbani kwa Mama

Nyie mnaoguna hapo nyuma hata sijafungua mdomo, acheni, maana najua mnachonong'onezana, kwamba dada mtu amesimama kumsafisha mdogo wake na atakayesadiki ni mjinga, basi kaeni kwenye viti mlivyopewa, msikilize mpaka mwisho, na asiyeamini aende akakatae kuamini nyumbani kwake. Na dirisha la upande wa bomba liachwe wazi, kwa sababu kaka yetu mkubwa amesimama pale nje tangu asubuhi, amekataa kuingia humu na amesema hatapanda gari la kwenda kuzika, na mengi ya haya ninayosoma namsomea yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, nyumbani, siku ya mvua, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho, akitanguliwa na kaka huyo aliye nje na mimi ninayesoma, na kwa kuwa nilimbeba mgongoni nina haki ya kusema kwamba alikuwa mtoto mbishi, mwenye kichwa kikubwa, mwoga wa bata mzinga, ambaye hakulala kitanda chochote bila kukipima kwanza kwa kamba. Alianza shule ya msingi mwaka 1971, ng'ambo ya mto, akaingia sekondari ya bweni mwaka 1978, akajiunga na chuo cha upimaji ardhi mwaka 1983, akahitimu Novemba 1985, na tarehe 3 Februari 1986 akaajiriwa katika ofisi ya barabara, ambako wenzake walimpa jina la Sentimita, kwa sababu ukimwambia kitu kiko karibu, alikuuliza karibu kiasi gani.

Kazi yake, hasa miaka ya baadaye, ilikuwa kutembea na mashine ya GPS juu ya fimbo ndefu, inayopokea habari kutoka angani na kukutajia mahali uliposimama kwa namba mbili za mita, moja ya kwenda mashariki na moja ya kwenda kaskazini, na mimi niliyeishia darasa la saba nilimuuliza mita hizo zinahesabiwa kuanzia wapi, akanieleza mchana kutwa, nikamwambia nimeelewa ili anyamaze.

Mwezi Juni 2002 alipewa kuweka vigingi vya barabara mpya, akachukua namba kwenye ramani, akaziingiza kwenye mashine, mashine ikampeleka moja kwa moja mpaka ndani ya duka la fundi cherehani, ambaye ndiye wifi yangu huyu aliyekaa hapa mbele, akamwambia, "Dada, cherehani yako iko katikati ya barabara," naye, pini zikiwa mdomoni, akamjibu, "Basi barabara yako ndiyo iko katikati ya cherehani yangu, mimi nilitangulia, toka, unanikanyagia kitambaa." Akarudi kesho yake, akatukanwa, akarudi tena, akatukanwa vizuri zaidi, mpaka akaamua kumkomesha kwa ushahidi, akaenda kwenye jiwe la alama, lile la zege ambalo namba zake zinajulikana tangu zamani na ambalo kila mpima hulianzia kabla ya kazi, ila yeye alikuwa amelikwepa, kwa kuwa liko ndani ya ua wa mfugaji wa bata mzinga.

Alipoisimamisha mashine juu ya jiwe, bata wakimvuta suruali, ikasoma namba nyingine kabisa, kwani ramani ilichorwa kwa hesabu ya zamani ya mahali mita zinapoanzia na mashine ilikuwa imewekwa hesabu mpya, na tofauti ya hesabu hizo mbili, ukiishusha ardhini, ni mita mia tatu na ushei, maana yake vigingi vyote alivyopigilia vilikuwa vimekaa kando. Akairekebisha, akaanza upya, duka la fundi likapona, na mstari wa kweli ukapanda kilima, ukaingia kwa mama yetu mlango wa mbele, ukatokea jikoni.

Hapo ndipo maneno yalipoanza, kwamba Sentimita amepindisha barabara ili apate mke, na kaka yetu, aliyeijenga nyumba ile ya mama kwa mikono yake, tofali kwa tofali, akayaamini, na tangu hapo hakumsemesha mdogo wake wala kumwita mwanamke huyu shemeji.

Sasa kaka, wewe wa dirishani, usigeuze uso. Siku mashine iliposoma sebuleni kwa mama nilikuwepo, nachambua mchele, na mdogo wetu alisimama na fimbo yake machozi yakimtoka, akasema, "Mama, sema neno tu, kesho naiambia ofisi nimeshindwa, walete mwingine," mama akamuuliza, "Akija mwingine, namba zitabadilika?" akajibu hazibadiliki, mama akasema, "Sasa unalilia nini? Mimi naomba kushuka kilima hiki tangu baba yenu yuko hai, maji hayapandi, moshi hautoki, upepo unaingia jikoni kabla yangu, leo njia imenifuata yenyewe, hebu andika." Kisha akatunyooshea kidole, "Ila mkubwa wenu asijue kwamba nyumba yake sikuipenda, itamuua, bora amkasirikie huyu, huyu ana mgongo mpana."

Mdogo wetu akaibeba lawama, nyumba ikabomolewa, mama akahamia chini ya kilima, na hata mama alipofariki mwaka 2011 nikamwambia, haya, sema sasa, akanijibu, "Dada, aliijenga kwa mapenzi, mwache nayo." Amekufa hajasema, lakini mimi hakuniapisha mtu. Kaka, nyumba ilikuwa inajaa moshi, ndiyo habari yenyewe, na haijakuua, nakuona bado umesimama.

Marehemu alifunga ndoa na fundi wake tarehe 12 Aprili 2003, akiwa na miaka thelathini na tisa, tulipokuwa tumeshamkatia tamaa, wakajaliwa binti mwaka 2005 na mvulana mwaka 2008, wote wana vichwa vya baba yao, na katika ndoa hiyo alishonewa suruali nyingi, kila moja akilalamika kwamba mguu mmoja umezidi. Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara kadhaa, mara ya mwisho akiwaomba wauguzi wasogeze kitanda mpaka kikae sambamba na ukuta, wakakisogeza, akaridhika, na alfajiri ya tarehe 9 Septemba 2024 akafariki.

Tunawashukuru madaktari, pamoja na wauguzi hao wenye subira, majirani mliotuletea maji na viti, na wafanyakazi wenzake waliobeba jeneza bila kubishana nani awe mbele. Wewe mdogo wangu, tua mzigo, upumzike, umeubeba vya kutosha.

Karatasi yangu imeisha. Dereva asiwashe gari, kiti cha mbele kina mwenyewe, natoka kwenda kumleta kaka, na mlango huu naufunga nyuma yangu, asiuguse mtu yeyote humu ndani, ataufungua yeye.