Bi Turkiya Hakuwa Shikizi

Na Zuwena Msafiri, Masjala

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi Turkiya Himyar anaiaga mashine namba saba baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha kusokota katani kwa miaka arobaini na sita na miezi kumi. Naomba hesabu hiyo isomwe mara mbili. Cheti kilichochapwa mwanzo kilisema miaka arobaini na miwili, na kosa hilo ni langu.

Bi Turkiya alianza kazi Jumatatu, tarehe 15 Januari 1979, akiwa na miaka kumi na saba. Vita vya Kagera vilikuwa vimechukua vijana wengi wa kiwandani, na mashine zilikuwa zimesimama. Gari lenye vipaza sauti likapita mitaani, na ukutani yakabandikwa mabango yenye picha ya mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni. Chini ya picha paliandikwa: "Kaka ameshika bunduki. Dada, shika mashine." Bi Turkiya anasema gari lilipita mtaani kwao Chumbageni mara tatu kwa siku, mpaka watoto wakawa wanaimba maneno hayo wakicheza kombolela.

Mzee Himyar, baba yake, alikuwa na duka la vitambaa, na binti zake hawakuwa watu wa kutoka kwenda vibaruani. Turkiya alimwambia, "Baba, serikali yenyewe imeniita. Unataka nikaidi?" Mzee alikubali kwa sharti kwamba shangazi, Bi Bayan, amsindikize na kumngoja getini. Shangazi alikaa pale wiki tatu akishona kofia. Wiki ya nne alichoka kukaa bure, akaingia naye kuandikishwa, akapangiwa kufunga robota. Mzee alipouliza mlinzi wa binti yake yuko wapi, aliambiwa yuko zamu.

Waliitikia wanawake ishirini na wawili. Uzi wa katani hukatika mara kwa mara, na msokotaji hodari hujulikana kwa namna anavyouunga. Bi Turkiya alibuni fundo lake mwenyewe: bapa, dogo, ukilipitishia kidole hulisikii. Wageni wanaotembelea kiwanda hupewa kamba yake walitafute fundo. Sijaona aliyelipata.

Vita vilipokwisha na wanaume wakarudi, halikupita gari lolote. Karatasi moja ilibandikwa mlangoni ikiwa na majina ya kina mama wanaotakiwa kurudi nyumbani. Jina la Turkiya halikuwemo, kwa sababu alitakiwa amfundishe kazi kijana aliyetoka vitani, kisha amwachie mashine. Alimfundisha miezi miwili. Alipomaliza alipewa ufagio, akafagia ukumbi uleule kwa karibu miaka minne, hadi mwaka 1983 oda zilipozidi na akarudishwa kwenye mashine.

Kijana yule alikuwa Idarusi, ambaye baadaye alikuja kuwa mume wangu. Wengi wenu mlimzika pamoja nami mwezi wa tatu mwaka jana.

Idarusi ndiye aliyemwita Shikizi. Wanawake wa wakati wa vita waliandikwa kwenye daftari kuwa ni "wafanyakazi wa kushikiza", kama fundi anavyoshikiza nguo kwa nyuzi chache kabla ya kuishona, nyuzi ambazo baadaye huzitoa. Wenzake wakacheka, na jina likaganda. Mimi nilipoajiriwa mwaka 1994 nilimkuta akiitwa hivyo, nami nikamwita hivyo. "Shikizi, chai tayari." "Shikizi, mwanao anakutafuta." Aliitika kila mara. Nilidhani anapenda.

Mwaka 2006 nilipewa kazi ya kuhamisha majina ya wafanyakazi kutoka daftari la zamani kwenda kwenye kompyuta. Nilifika ukurasa wa mwaka 1979, nikaona majina ishirini na mawili yamefungiwa kwenye mabano, na pembeni neno "shikizi". Nikaona hao si waajiriwa, nikawaruka. Nikafunua ukurasa unaofuata. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa maji. Daftari lenyewe lililiwa na mchwa, na kilichobaki ni nilichoandika mimi, kwamba Turkiya Himyar alianza kazi mwaka 1983.

Kitandani kwetu, Idarusi alikuwa akifunga kamba ya chandarua kwa fundo bapa, zuri sana. Aliponioa huko nyuma watu walimsifu kwa mikono yake, na mimi nilipomuuliza aliniambia amelipata jeshini. Siku za mwisho hospitalini aliniomba nimshike mkono, akasema, "Zuwena, lile fundo ni la Turkiya. Nilirudi vitani sijui hata kuunga uzi. Yule mama alinifundisha, na mimi nikamcheka. Kamwambie." Nikamwahidi.

Sikwenda. Nilikaa na ahadi hiyo mwaka mzima na nusu, mpaka nilipoombwa kuandika ukurasa huu wa ratiba ya kumuaga na nikafungua faili kutafuta miaka yake ya kazi.

Nilimkuta Chumbageni barazani kwake, anachambua mchele. Nikamwambia shikamoo, akaitika, akanisogezea mkeka. Nikasema yote, la Idarusi na langu. Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mdogo wangu, mimi niliitwa kwa vipaza sauti. Mji mzima ulisikia nikiitwa. Halafu mkanong'ona kwamba sikuwepo." Nilikuwa naangalia mchele. "Ila usiniandike peke yangu. Tulikuwa ishirini na wawili."

Akaanza kuwataja kwa namba za mashine. Alipata kumi na sita. Majina yao yamechapwa nyuma ya ratiba hii, na nafasi sita zimeachwa wazi. Anayemjua mama, shangazi au bibi yake aliyefanya kazi hapa mwaka ule, apite masjala. Nitakuwepo.

Nilipoomba cheti kibadilishwe, Bwana Alexander, afisa utumishi wetu, aliniambia kwa upole, "Mama, mimi nafuata faili." Nikamjibu kwamba faili niliandika mimi. Akasema basi aliyeandika aandike tena. Barua yangu ya kukiri kosa sasa imo kwenye faili hilo, juu kabisa, na cheti kimechapwa upya.

Mengine ya Bi Turkiya mnayajua. Amefundisha wasokotaji zaidi ya sitini, wakiwemo wasimamizi wawili wa sasa. Alipofikisha miaka sitini kiwanda kilimwomba abaki afundishe, akabaki minne zaidi. Huleta machungwa ya Muheza kila msimu, na humnyima yeyote anayemenya kabla ya kunawa mikono. Hajawahi kuchelewa zamu, isipokuwa siku moja mwaka 1998 ya mvua kubwa, na siku hiyo alifika akiwa amembeba mlinzi wetu Manase aliyeteguka mguu njiani.

Siku ya Ijumaa atakapoitwa mbele, tunaomba aitwe kwa jina alilopewa na Mzee Himyar. Lile jingine tuliache tangu leo, na mimi nitangulie kuliacha.

Da Turkiya, asante kwa mashine namba saba, kwa wote uliowafundisha, na kwa yule mmoja uliyemfundisha akakulipa kicheko. Ufagio wa miaka minne ile haukuwa wako kuubeba. Pumzika sasa, ule machungwa yako kivulini, wajukuu wakusumbue kidogo tu, na Mungu akuzidishie afya.

Kamba ya chandarua changu bado imefungwa vilevile Idarusi alivyoiacha. Usiku nikizima taa huipitishia kidole. Fundo silisikii, lakini sasa najua ni la nani.