Mzee Ooko, Mitini ya Baridi na Aya Niliyoiruka

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Jairus Ooko atakabidhi funguo za kitalu cha kiwanda chetu cha chai baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Jumatatu, nyumba yake pale laini ya chini ya nyumba za wafanyakazi itapewa mtu mwingine. Karani wetu, Chepchumba, aliniomba niandike wasifu huu kwa sababu likizo zote mimi ndiye huandika vibao vya kitalu, na ati mwandiko wangu unasomeka. Kusema mbele za watu siwezi. Kuandika nitajaribu.

Mzee Ooko alitoka kwao Seme, kando ya ziwa, mwaka 1991, kijana wa miaka ishirini na sita, akaanza kama mchumaji. Waliomkuta wanasema alikuwa mchumaji mbaya sana. Alikuwa akisimama katikati ya mstari kuchunguza kwa nini kichaka kimoja kina majani ya njano, kikapu kikibaki nusu. Nyapara wa siku zile akachoka naye, akamtupa kitaluni kama adhabu. Hakutoka huko tena.

Chai nyingi mnayoiona kutoka getini hadi barabara ya Kapkatet ilianzia mikononi mwake: jani moja na kipande kifupi cha kijiti, kikachomekwa kwenye udongo mchachu, kikafunikwa nailoni, kikanyweshwa na kuwekwa kivulini kama mtoto mwenye homa. Akipita kando ya nailoni iliyotoboka alijua kwa pua, kabla ya macho. Supavaiza wetu, Bwana Bethwel Kiptum, humtania mpaka leo: "Ooko siku akifa msichimbe kaburi. Mfunikeni nailoni, ataota mizizi." Na Mzee humjibu: "Wewe Bethwel hata ukifunikwa miaka kumi hutaota kitu."

Lakini kazi ambayo yeye mwenyewe aliihesabu kuwa kazi ni ya mitini, miti ya tini. Mwaka 2019, Daktari Antony, mhadhiri anayekaa upande wa Kabianga, alileta vipandikizi arobaini vya aina nne, vimefungwa kwa gazeti bichi. Alitaka kujua ni aina gani inaweza kuzaa kwenye baridi yetu. Wengine walikataa. Mzee alikubali kwa sababu ya mkewe, Mama Wilkista, aliyekuwa mwalimu wa Sunday school. Mama alikuwa amesoma habari za tini kwenye Biblia tangu utotoni na hakuwa amewahi kushika hata moja. "Watoto wananiuliza, Mwalimu, ni tamu aje? Nasema ni tamu kama... halafu naishia hapo." Mzee akamwahidi kwamba ataonja kabla yeye hajastaafu.

Bwana Bethwel alicheka. "Mzee, mikuyu, ndugu zake hii mitini, imejaa kule mtoni, hata nyani wameichoka. Hii unailaza na blanketi ya nini?"

Na kweli blanketi ndilo lililoharibu. Mzee alivitunza vile vipandikizi kama chai: udongo mchachu, maji asubuhi na jioni, nailoni imefungwa kabisa. Baada ya wiki sita alivuta kimoja, kikatoka cheusi na kuteleza kama samaki. Thelathini na kimoja vilioza. "Nimewanywesha wageni uji mpaka wakafa," akasema, na kitalu kizima kikacheka naye. Daktari Antony akaleta vingine, na Mzee akaanza upya kama mwanafunzi. Alichagua vijiti vilivyokomaa, unene wa penseli, vyenye macho matatu au manne ya kuchipukia. Udongo akauchanganya na mchanga ili maji yapite, na jivu la jikoni kwa Mama Wilkista ili kupunguza uchachu. Maji, kidogo tu. Safari hii viliota karibu vyote.

Kuchagua ndiko kulikochukua miaka. Tini nyeusi iliota mizizi mapema kuliko zote na sisi sote tukaipenda, lakini kila Juni majani yake yalipata kutu na kuanguka. Ya njano ilikuwa na tundu wazi kitakoni. Mvua yetu ya alasiri inaingia, tunda linachacha likiwa bado mtini, nzi wanajaa. Ya zambarau iliungua ncha zote kwa baridi, kila mwaka ikirudi pale ilipoanzia. Ikabaki ya kahawia. Haina umbo la kujivunia, lakini majani yake ni magumu na tundu lake limefunga. Mzee aliipanda nyuma ya stoo, penye ukuta wa mawe unaoota jua la asubuhi. "Anayeota haraka si lazima ndiye atakayekuzalia," alituambia.

Hata hiyo ya kahawia haikuiva. Matunda yalitoka kwenye matawi mapya, yakafika ukubwa wa kidole gumba, yakakutana na ukungu wa Juni, yakakaa magumu kama kokoto, yakaanguka. Na kila Agosti, baridi ikipungua, Mzee aliupogoa ule mti kwa mkono wa chai: matawi yote chini, juu pakiwa sawa kama meza.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo Chepchumba hakuniomba.

Agosti 2023 nilikuwa pale alipomaliza kupogoa. Bwana Bethwel alimpigia makofi. Mzee akafuta jasho, akatoa kwenye koti kijitabu cha Daktari Antony, kurasa nne za Kiingereza, akaniambia, "Nyathina, mtoto wangu, nisomee hii kwa Kiswahili. Macho yangu na Kiingereza changu vyote vimechoka." Nikasoma. Ukurasa wa tatu, aya ya pili, ilisema kwamba mahali pa baridi matawi ya mwaka uliopita yasikatwe, kwa maana ndiyo yanayotoa matunda ya kwanza, na hayo huwahi kuiva kabla baridi haijarudi. Yale ya matawi mapya huchelewa. Niliinua macho. Matawi ya mwaka uliopita yalikuwa yamelala miguuni pake, na yeye ametabasamu na kisu mkononi.

Niliiruka hiyo aya. Nikaendelea na ile ya mbolea.

Hakuna aliyenilazimisha. Niliona haya. Mimi ni nani, wa kidato cha kwanza, nimwambie mtu wa miaka thelathini na miwili kazini kwamba amekata vibaya, tena mbele ya Bwana Bethwel? Nikasema nitamwambia kesho. Shule zikafunguliwa. Agosti iliyofuata akaupogoa tena, na mimi ndiye niliyemshikia gunia. Wakati huo Mama Wilkista alikuwa akipelekwa kliniki Kapkatet kila wiki. Siku moja alinishika mkono akauliza, "Janeffer, tini zangu zimefika wapi?" Nikamwambia ziko njiani. Alifariki Aprili mwaka huu. Hakuonja.

Agosti iliyopita Mzee hakupogoa. Hakuenda nyuma ya stoo kabisa. Kwenye karatasi zake za kukabidhi kazi aliandika kwamba mitini haiwezi baridi ya huku, aina zote nne zing'olewe. Wiki mbili zilizopita nilienda huko nyuma kutafuta vibao vya zamani, nikaukuta mti umejaa. Kwenye matawi ya mwaka jana, hayo hayo, nilihesabu tini kumi na tisa. Bado ni za kijani, lakini zimeshapita kidole gumba, na Juni iko mbali.

Jumanne nilienda nyumbani kwake na kile kijitabu. Alikuwa akifunga godoro kwa kamba. Nikamsomea aya yote, nikiwa nimesimama.

"Ulijua lini?"

"Agosti. Mwaka juzi."

"Akiwa hai."

"Ndiyo, Mzee."

Alimaliza kufunga godoro kwanza. Alikaza fundo, akalijaribu, akalikaza tena. Halafu akasema, "Twende." Pale mtini alishika tunda moja bila kulichuma, akaligeuza kuangalia tundu. Lilikuwa limefunga. Bwana Bethwel alitukuta hapo, akashangaa: "Kumbe ilikuwa inataka kuachwa tu!" Alicheka peke yake. Nilimuuliza Mzee kama angebeba vipandikizi kwenda Seme. Alisema, "Huko jua liko. Mtu hahitaji kuchagua aina."

Mzee Ooko, kitalu kinakushukuru kwa miche tusiyoweza kuhesabu, kwa kucheka ulipokosea, na kwa kukubali mambo haya yaandikwe. Nilipokuuliza kama niyatoe, ulijibu neno moja: "Weka." Upate afya, upate majirani wazuri, na magoti yako yapumzike kupanda mlima. Mimi kwa upande wangu leo sina la kukuomba. Siku hii ni yako.

Wasomaji, mtini wa kahawia utabaki. Jana Mzee alikata kwa kalamu ile sentensi ya kung'oa, akaniweka mezani nimwandikie kibao kipya. "Andika ile aya yote kwa lugha zote mbili," alisema. "Mtu asisomewe." Nilipomaliza aliukagua upande wa Kiswahili kwa kidole, neno baada ya neno. Halafu akakichukua kibao, akampelekea Chepchumba amwangalizie upande wa Kiingereza.

Janeffer Chepkemboi
Kwa niaba ya kitalu