Nani Mkubwa Mwaka wa Uhuru

Basi halijatoka hata Nizwa, huku Omani, ugomvi ukazuka kiti cha mbele yangu. Bi Kuruthum, aliyekaa dirishani, alimwamkia mwenzake aliyepanda na hina mbichi mikononi: "Shikamoo, bibi."

"Shikamoo mimi?" Mwenzake akaruka. "Hanifa mie naolewa Ijumaa huko Samad tuendako, na dereva huyu ni mpwa wa bwana harusi! Mie mdogo kwako, wallahi."

"Basi tupime kwa mwaka wa uhuru wa Unguja, sitini na tatu. Mie nilibebwa mgongoni kutazama fataki."

"Mie nilikuwa nanyonya."

"Ah! Bendera ilikuwaje?"

"Nyekundu, ina duara la kijani na karafuu mbili ndani," akajibu Hanifa upesi. "Tukapewa halua, tukaimba mpaka sauti zikatukauka."

"Mtoto wa kunyonya, akaimba!" Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo.

Hanifa naye akacheka, akauanza wimbo wenyewe. Kuruthum akamkatiza: "Siyo hivyo, shoga! Ubeti huo tuliimba sisi, darasa letu lilisimama mbele ya jukwaa."

Nikajisemea, kumbe aliyebebwa mgongoni naye alikuwa na darasa. Wakaimba pamoja njia nzima.

Samad tukasimama. "Tangulia, mkubwa," akasema Kuruthum. "Tangulia weye, mkubwa," akajibu Hanifa. Hakuna aliyeondoka kitini. Magoti yakiniuma, nikasimama mie.

Wote wawili wakanigeukia, nyuso zimewanawiri: "Shikamoo, bibi!"

Nikaitikia marahaba, nikashuka.